Boti za Doria na Deni la Siri: Mafunzo ya Msumbiji kwa Vyama vya Ushirika

Ulinzi wa pwani ni jambo linalomgusa kila mtu aishiye kwa kazi ya bahari. Mvuvi atokaye na dau lake alasiri hurudi alfajiri kwa sababu anaamini kwamba njiani hatakutana na mtu mwenye bunduki. Imani hiyo ikivunjika, nyavu hubaki zimeanikwa, soko hukosa samaki, na chama cha wavuvi hukosa mapato. Kwa hiyo serikali inaponunua boti za doria ziendazo kasi, watu wa pwani hufurahi, nao wana haki ya kufurahi.

Hata hivyo, boti ya doria ni mali kama ilivyo mali nyingine yoyote. Hununuliwa kwa fedha, huendeshwa kwa mafuta, hutunzwa na mafundi, na mwishowe gharama zake hulipwa na mtu. Iwapo huyo mlipaji hakuulizwa wala kuarifiwa, boti hugeuka mzigo badala ya ngao. Mkasa uliotokea nchini Msumbiji kuanzia mwaka 2013 unalionyesha jambo hili waziwazi. Makatibu na wanachama wa vyama wanafaa kuufahamu, kwani makosa yaliyofanywa huko kwa mabilioni ya dola ndiyo yale yale yanayoweza kufanywa katika chama cha msingi kwa shilingi chache.

BOTI YA DORIA NI CHOMBO CHA NAMNA GANI

Boti za doria za mwendo kasi hutengenezwa ili kumfikia mhalifu kabla hajatoweka. Mfano mmoja ni aina iitwayo HSI32, iliyoundwa katika kiwanda cha CMN huko Cherbourg, Ufaransa. Urefu wake ni meta 32, na huweza kwenda zaidi ya maili 40 za baharini kwa saa, yaani karibu kilometa 80. Aina nyingine ya kiwanda hicho, Ocean Eagle 43, ina matumbo matatu yaliyounganishwa. Urefu wake ni meta 43 na mwendo wake hufikia maili 30 za baharini kwa saa. Hiyo ya pili imekusudiwa kukaa baharini muda mrefu zaidi, na ile ya kwanza imekusudiwa kufukuza.

Mwendo huo hauji bure. Kila anayetumia mashine ya boti anajua kwamba ukiongeza mwendo, mafuta hayaongezeki kwa kadiri ile ile, bali hupanda kupita kiasi. Tena mashine zenye nguvu nyingi huchakaa upesi katika maji ya chumvi, na vipuri vyake haviuzwi katika kila duka. Boti hizo huhitaji chelezo cha kuzipandishia, mafundi waliosomea kazi hiyo, na mabaharia wa zamu mbili au tatu ili kazi isisimame usiku. Zaidi ya hayo yote huhitaji habari. Boti yenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa haina faida ikiwa haijui iende upande gani. Rada husaidia kuonyesha, lakini aghalabu mtu wa kwanza kuona chombo kigeni ni mvuvi.

Kwa hiyo anayenunua boti bila kutenga fedha za mafuta, vipuri, mafundi na mishahara hajanunua ulinzi. Amenunua chuma cha kufunga gatini.

HAJA ILIKUWA YA KWELI

Si haki kusema kwamba Msumbiji haikuhitaji ulinzi wa bahari. Pwani ya nchi hiyo ina urefu wa kilometa 2,500 hivi, na jeshi lake la majini lilikuwa dogo. Mwezi Desemba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi Vega 5 pamoja na mabaharia wake, wengi wao wakiwa raia wa Msumbiji. Jeshi la majini la India liliikomboa meli hiyo mwezi Machi 2011, lakini baadhi ya mabaharia hawakurudi makwao. Wakati huo huo, gesi nyingi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari karibu na mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado. Ni jambo la busara kwa nchi yenye mali kama hiyo kutaka kuilinda.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Udanganyifu mkubwa haujengwi juu ya haja ya uongo. Hujengwa juu ya haja ya kweli, ili yeyote atakayeuliza maswali aonekane kuwa mpinga maendeleo au adui wa usalama.

KAMPUNI TATU, MIKOPO MITATU

Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu zilikopa fedha nje ya nchi kwa dhamana ya serikali ya Msumbiji. Ya kwanza, ProIndicus, ilikopa dola za Marekani milioni 622 kwa ajili ya boti za doria na vituo vya rada. Ya pili, EMATUM, ilichukua dola milioni 850. Wenye fedha waliambiwa kwamba kampuni hii ingevua jodari na kulipa deni kwa mauzo ya samaki. Ya tatu, MAM, ilikopa dola milioni 535 kwa ajili ya viwanda vya kutengeneza boti hizo zinapoharibika. Jumla ya mikopo hiyo mitatu ilikuwa dola milioni 2,007. Fedha zilitoka katika benki ya Credit Suisse ya Uswisi na benki ya VTB ya Urusi, na mwuzaji wa vifaa katika mikataba yote mitatu alikuwa kundi moja la kampuni, Privinvest.

Mkaguzi yeyote wa ushirika akiyatazama mambo hayo atashtushwa na vitu vinne.

Kwanza, kampuni zote tatu zilifungamana na idara ya usalama ya nchi, na mwenyekiti wa zote tatu alikuwa mtu mmoja, António Carlos do Rosário, ofisa wa idara hiyo hiyo. Mtu anayenunua, anayepokea na anayesimamia matengenezo akiwa yule yule, hakuna anayebaki wa kumkagua.

Pili, dhamana za serikali zilitiwa saini na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, bila idhini ya Bunge. Katiba ya nchi hiyo inataka Bunge liidhinishe deni la namna hiyo, na sheria ya bajeti ilikuwa imeweka kikomo cha dhamana kilicho chini mno ya kiasi hicho.

Tatu, mpango wa mapato ulikuwa wa matumaini matupu. EMATUM ilipewa boti 24 za uvuvi pamoja na boti za doria, ikatarajiwa kuvua jodari wa kutosha kulipa deni la dola milioni 850. Haikuwahi kukaribia lengo hilo. Boti zake nyingi zilikaa zimefungwa katika bandari ya Maputo kwa miaka, zikipigwa na jua na kuota kutu.

Nne, siri. Mkopo wa EMATUM ulijulikana kwa sababu hati zake ziliuzwa sokoni. Mikopo ya ProIndicus na MAM ilifichwa kabisa. Wananchi hawakujua, Bunge halikujua, na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililokuwa likiisaidia nchi, halikuambiwa.

DENI LILIPOFICHUKA

Mwezi Aprili 2016 siri hiyo ilifichuka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha msaada wake, na nchi wahisani 14 waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja nao wakasimama. Thamani ya fedha ya Msumbiji ilianguka. Bei za vitu zilipanda hadi mfumuko ukapita asilimia 20 mwishoni mwa mwaka huo. Ukuaji wa uchumi, uliokuwa asilimia 7 hivi kwa mwaka, ulishuka chini ya asilimia 4. Mwezi Januari 2017 serikali ilishindwa kulipa riba ya deni.

Kampuni ya ukaguzi ya Kroll iliajiriwa kuchunguza, na muhtasari wa ripoti yake ulitangazwa mwezi Juni 2017. Wakaguzi walikadiria kwamba vifaa na huduma zilizouzwa zilipandishwa bei kwa dola milioni 713 kuliko thamani yake. Aidha, dola milioni 500 za mkopo wa EMATUM, ambazo serikali ilisema zilitumika kwa vifaa vya ulinzi, hazikuweza kupatikana zilikokwenda. Wakaguzi walipodai hati, baadhi ya wahusika walikataa kuzitoa wakisema ni siri za usalama wa taifa.

Kwa mwananchi wa kawaida hesabu hii ilikuwa na sura nyingine. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na kituo cha CIP cha Msumbiji pamoja na taasisi ya CMI ya Norway ulikadiria kwamba mkasa huo uliigharimu nchi dola bilioni 11, na kwamba karibu watu milioni mbili waliingia katika umaskini. Hao hawakutia saini karatasi yoyote. Ndio waliolipa.

VITA VILIPOFIKA, BOTI ZILIKUWA WAPI

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Huo ulikuwa mwanzo wa vita vya kigaidi vilivyowahamisha mamia ya maelfu ya watu. Pwani hiyo si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Wamwani wanaoishi huko husema lugha iliyo jirani kabisa na Kiswahili, na kwa karne nyingi majahazi yamekuwa yakipita kati yao na Mtwara, Kilwa na Komoro.

Wavamizi hawakutumia barabara peke yake. Walipita baharini pia, tena kwa vyombo vidogo. Mwezi Agosti 2020 waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia baada ya mapigano ya siku kadhaa. Iliripotiwa kwamba boti moja ya doria ya jeshi la majini ilipigwa kwa roketi ya mkononi na kuzama hapo hapo. Mji huo ulikaa mikononi mwao mwaka mzima, hadi Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Mwezi Septemba 2020 walivuka hadi visiwa vya Vamizi na Mecungo na kuchoma nyumba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, nacho kilishambuliwa.

Watu wa pwani walikimbia kwa njia wanayoijua. Katika majuma machache ya Oktoba na Novemba 2020, zaidi ya watu 10,000 walishuka katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, wakiwa wamejazana katika majahazi na madau. Mvuvi ndiye aliyewaokoa jirani zake kwa tanga na kasia, katika bahari ile ile ambayo nchi ilikuwa imekopa dola bilioni mbili ili ilindwe.

Kuna jambo moja linalofaa kukumbukwa kuliko yote. Mwezi Julai 2019 serikali ya India iliipa Msumbiji boti mbili za doria za mwendo kasi kama zawadi. Mwezi Desemba 2021 meli ya kivita ya India ilileta boti nyingine mbili pamoja na tani 500 za chakula. Nchi iliyodaiwa mabilioni kwa ajili ya boti za doria ikawa inapokea boti za doria kwa hisani.

HUKUMU

Sheria ilichukua muda mrefu, lakini ilifika. Mwaka 2019 watu watatu waliokuwa maofisa wa Credit Suisse walikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani. Mwaka huo huo mahakama hiyo ilimwachia huru mfanyabiashara wa Privinvest aliyekuwa ameshtakiwa. Mwaka 2021 benki yenyewe ilikubali kulipa takriban dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza, na kusamehe dola milioni 200 za deni. Mwezi Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani washtakiwa 11 kati ya 19. Miongoni mwao walikuwamo mwenyekiti wa zile kampuni tatu, aliyekuwa mkuu wa idara ya usalama, na mtoto wa Rais wa zamani, kila mmoja akipewa kifungo cha miaka 12. Manuel Chang alikamatwa Afrika Kusini mwezi Desemba 2018, akatiwa hatiani mjini New York mwezi Agosti 2024, na mwezi Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Privinvest, iliyokuwa imekana makosa, ilipe Msumbiji zaidi ya dola milioni 825.

Hukumu hizo ni za haki, lakini hazirudishi miaka iliyopotea wala hazimrudishii mvuvi wa Vamizi nyumba yake. Ukaguzi wa kabla ya kutia saini una thamani kuliko hukumu ya baada ya miaka kumi.

MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA VYAMA

Chama cha msingi hakinunui boti za kivita. Hata hivyo vyama vya wavuvi hununua boti za uvuvi, mashine, majokofu na magari ya kubebea samaki, na vyama vya mazao hununua malori na mashine za kukoboa. Mara nyingi ununuzi huo hufanywa kwa mkopo. Mafunzo ya Msumbiji yanaweza kuwekwa katika mambo sita.

1. Mkutano Mkuu ndio wenye deni. Halmashauri haina mamlaka ya kukopa kupita ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Mwenyekiti akiambiwa na mkopeshaji kwamba saini yake peke yake inatosha, hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya hatari.

2. Dhamana ni deni. Wapo viongozi wanaodhani kwamba kumdhamini mwingine si kukopa. Dhamana za Msumbiji ziligeuka deni la taifa siku ile kampuni ziliposhindwa kulipa. Kila dhamana iandikwe katika vitabu vya chama na isomwe mbele ya wanachama.

3. Bei ithibitishwe na mtu asiyehusika. Zitafutwe bei za wauzaji watatu, na mali itazamwe na fundi asiyetoka kwa mwuzaji. Dola milioni 713 zilipotea mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuuliza kitu hiki kinauzwa kiasi gani kwingineko.

4. Makisio yahesabu uendeshaji. Kabla ya kununua boti, katibu aandike mafuta ya miezi kumi na miwili, vipuri, mishahara, bima na matengenezo, kisha aandike samaki waliovuliwa kwa kweli miaka mitatu iliyopita, si samaki wanaotarajiwa. Mapato yasipofikia matumizi katika karatasi, hayatafikia baharini.

5. Kazi zigawanywe. Anayeagiza asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayelipa. Hati ya kupokelea mali itiwe saini na watu wasiopungua wawili walioiona mali yenyewe kwa macho.

6. Neno "siri" lisizuie ukaguzi. Chama kina siri chache sana zinazostahili kuheshimiwa, na hesabu za fedha hazimo. Kiongozi anayemnyima mkaguzi daftari anamnyima mwanachama mali yake.

Hali kadhalika, vyama vya wavuvi vina sehemu yao katika ulinzi wenyewe. Daftari la vyombo lenye jina la kila mwenye dau, namba ya chombo, mabaharia wake na saa ya kutoka na kurudi huwasaidia walinzi wa bahari kuliko rada iliyozimika. Mwanachama anayeona chombo asichokijua na kutoa taarifa bandarini ametenda kazi ambayo mashine yoyote haiwezi kuitenda bila yeye. Kazi hiyo haihitaji mkopo. Inahitaji katibu mwenye kalamu, na wanachama wanaoaminiana.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ushirika hauna budi kuongeza kwamba kinga ya deni ni kuuliza. Chama ambacho mwanachama wake wa mwisho anaweza kusimama katika Mkutano Mkuu akauliza "Boti hii tumeinunua kwa kiasi gani, na nani aliipokea?" na akajibiwa kwa hati, ni chama kilicholindwa. Makatibu wanaombwa kuyasoma mambo haya sita mbele ya wanachama katika mkutano ujao, kabla ya kujadili makisio ya mwaka.